Maradhi Hayabishi Hodi: Tuziandae Nyumba Zetu Kabla ya Janga

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Tarehe 13 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya. Mwezi haukutimia, na maisha ya Pwani yalikuwa yamegeuka: misikiti na madrasa zimefungwa, kafyu ya usiku imeanza, na kuanzia tarehe 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Tarehe 6 Mei, tukiwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria, Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa siku moja na Eastleigh ya Nairobi. Tarawehe zikasaliwa ukumbini, na Idi ikatukuta ndani ya majumba yetu.

Twayataja haya kwa sababu miaka imepita na kumbukumbu imeanza kufifia. Sisi ni watu wa bandari, na bandari hupokea wageni wa kila namna. Mafua makali yaliyoizunguka dunia mwaka 1918 yaliingia nchini kupitia Mombasa, yakapanda bara pamoja na reli. Kipindupindu hurudi kwetu mara kwa mara, na mwaka 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini aligunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taveta. Janga lijalo hatulijui jina wala mwaka wake. Tunalolijua ni kwamba litatukuta majumbani.

Neno letu la juma hili ni moja. Maandalizi ya kwanza ya nyumba ni mazungumzo: nani atamuuguza mgonjwa, alale wapi, ale kwa chombo gani, na jirani asiye na akiba ataishi vipi. Haya yakiamuliwa watu wakiwa na afya, gunia la mchele nalo litafaa. Yakiachwa mpaka homa ipande, mzigo wote humwangukia mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo huwa ni mama.

Tawakuli na shura

Wako wanaodhani kwamba kujiandaa ni upungufu wa imani. Na tumwangalie Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Alipokuwa safarini kuelekea Sham, alifika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kwamba tauni imezuka huko mbele. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina akawataka ushauri, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na baada ya kuwasikiliza wote akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.) alipomuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu na kuingia katika kadari Yake. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) na habari aliyoisikia kwa Mtume (S.A.W.): penye tauni usiingie, na ikizuka mahali ulipo usitoke kwa kuikimbia.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili kwa nyumba zetu. La kwanza ni kwamba tahadhari ni sehemu ya tawakuli. La pili, ambalo husahauliwa, ni kwamba tahadhari njema huzaliwa na shura. Naye Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.), amepokea kwa Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyomo kwa Imamu Bukhari, kwamba mwenye kukaa katika mji wake wakati wa tauni kwa subira, akitaraji malipo na akijua kuwa hayatompata ila aliyoandikiwa, ana ujira mfano wa ujira wa shahidi. Hiyo ndiyo daraja ya anayetulia nyumbani ili asijidhuru wala asimdhuru mwenzake.

Basi kila nyumba na iwe na kikao chake. Chagueni jioni moja baada ya Isha, babu na nyanya wawepo, vijana wawepo, na hata watoto wenye akili ya kufahamu. Yaulizweni maswali tuliyoyataja, na majibu yaandikwe katika daftari.

Nani atamuuguza nani

Desturi yetu ni kumzunguka mgonjwa. Akiugua mmoja, wote huingia chumbani: huyu ashika kipaji, yule aleta uji, shangazi aketi kitandani asome Yasin. Ni mapenzi, na kwa maradhi mengi hayana dhara. Katika maradhi ya kuambukiza, mapenzi hayo hayo huweza kuiangusha nyumba nzima kwa juma moja.

Kwa hiyo na atajwe mwuguzi mmoja, na wa pili wa kumpokea akichoka au akiugua. Asiwe mzee, asiwe mjamzito, wala asiwe mwenye sukari, presha au pumu ikiwa yupo mwingine. Hapa twasema na kina baba na vijana wa kiume waziwazi: kuuguza si kazi waliyoandikiwa wanawake. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, kama alivyoeleza Bibi Aisha. Mwana wa kiume wa miaka 20 mwenye afya njema aweza kupeleka uji mlangoni, kupima joto, kufua mashuka na kumwaga ndoo. Mama naye akiugua, ni nani anayejua kilipo kibweta cha dawa, na ni mtoto gani asiyepatana na chakula gani? Mambo hayo yakae daftarini, yasikae kifuani mwa mtu mmoja.

Mgonjwa apewe chumba chake, dirisha liwe wazi na hewa ipite. Twafahamu kwamba si kila mtu ana chumba cha ziada. Katika nyumba zetu nyingi za Majengo na Kisauni kila chumba ni familia, ukumbi ni mmoja na choo ni kimoja. Hata hapo lipo la kufanya. Mgonjwa alale upande wa dirisha, na wengine wajitenge naye kwa mita 1 au zaidi. Yeye na mwuguzi wavae barakoa wanapokaribiana. Choo kisafishwe kwa sabuni na dawa ya kuulia viini kila anapotoka. Wapangaji wakubaliane mapema, kabla hajapatikana wa kunyooshewa kidole.

Sinia nalo tulitaje, maana ni fahari yetu. Kula pamoja kuna baraka, lakini siku za maambukizi kila mtu ale kwa sahani yake, na mgonjwa awe na sahani, kikombe na kijiko visivyochanganywa na vya wengine mpaka vioshwe kwa sabuni. Ahadi hii na ipitishwe na wakubwa wa nyumba, ili nyanya asidhani kwamba ametengwa na wajukuu.

Akiba isiyo dhuluma

Nabii Yusuf (A.S.) aliweka nafaka za miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa. Mtume wetu (S.A.W.) naye, kama alivyosimulia Sayyidna Umar, aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Lakini ni Mtume huyo huyo aliyekataza kuhodhi bidhaa ili bei ipande, na akamwita mwenye kufanya hivyo mkosaji. Mpaka kati ya mambo haya mawili ni wakati na nia. Anayenunua kidogo kidogo bidhaa zikiwa tele hamnyimi mtu. Anayebeba katoni kumi za sabuni siku ya tangazo amemnyang'anya jirani.

Shabaha iwe chakula cha majuma mawili, kinachopikwa kila siku na kulika: mchele, unga, pojo, kunde, mafuta, chumvi, sukari, tende, samaki mkavu. Kila uendapo dukani ongeza kilo moja ya kitu kimoja, na kilichonunuliwa mwanzo ndicho kiliwe mwanzo, kisije kikaingia fukusi. Kwa anayeishi kwa kibarua cha leo kwa leo, hata kilo moja ni mzigo. Huyo tutamrudia.

Maji yana hesabu yake. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupikia na usafi. Nyumba ya watu 6 yahitaji lita 90, yaani mitungi minne na nusu ya lita 20, kila siku. Mombasa hutegemea maji yatokayo mbali, Mzima kule Taita Taveta na Baricho kule Kilifi, na kila mama ajua mfereji unavyoweza kukauka kwa siku kadhaa. Mwenye pipa na alifunike na alisafishe. Mwenye kutegemea maji ya mkokoteni na awe na mitungi ya ziada iliyojaa. Kunawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 ndiyo dawa rahisi kuliko zote, nayo haiwezekani bila maji.

Kibweta cha dawa na daftari

Kibwetani muwe na kipimajoto, dawa ya homa ya paracetamol, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, barakoa, glavu na sabuni. Chumvichumvi za dukani zikikosekana, mtu aharaye aweza kutengenezewa kinywaji nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Kipimo kisikisiwe, kwani chumvi ikizidi hudhuru, hasa watoto.

Wenye sukari, presha au pumu wawe na dawa za mwezi mmoja mbele kila inapowezekana. Vijitabu vya kliniki vya watoto vikaguliwe sasa, na chanjo iliyokosekana ikatafutwe. Katika daftari ziandikwe dawa za kila mtu na vipimo vyake, nambari za simu za zahanati iliyo karibu, na jina la mwenye gari au tuktuk aliyekubali kuitwa usiku.

Ziandikwe pia dalili zisizongoja asubuhi: kushindwa kupumua, maumivu ya kifua yasiyoondoka, kuchanganyikiwa, kuzimia, degedege, mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, na kuhara kunakomwacha mtu macho yameingia ndani. Hapo safari ni ya hospitali, na kikombe na kisomo vifuate njiani.

Habari za uongo nazo ni maradhi. Qur'ani imetufunza kuzichunguza habari zinazoletwa na asiyeaminika kabla ya kuzifuata, na sauti isiyo na mwenyewe inayorushwa kwenye simu haina budi kuchunguzwa. Kikao kimtaje mtu mmoja wa kuthibitisha habari kwa mhudumu wa afya kabla hazijaenezwa katika kikundi cha ukoo.

Wasia na mazishi

Neno hili ni zito, nalo ni la lazima. Mtume (S.A.W.) amehimiza kwamba Mwislamu mwenye jambo la kuusia asilale usiku wa pili ila wasia wake umeandikwa. Madeni, amana za watu, fedha za chama na mahali zilipo hati za nyumba, yote yaandikwe mtu akiwa mzima.

Na tufahamu tangu sasa kwamba wakati wa janga mazishi huweza kuwa ya watu wachache, bila matanga ya siku tatu. Pale maiti asipoweza kuoshwa kwa maji kwa hofu ya madhara, mafakihi wameeleza tayammamu kuwa badala yake. Familia inayoyajua haya mapema itamzika mpendwa wake kwa utulivu, wala haitagombana mbele ya jeneza.

Jirani asiye na ghala

Twarudi kwa yule wa kibarua. Anayefua nguo za watu, anayekaanga mahamri alfajiri, anayesukuma mkokoteni: akiambiwa akae ndani siku 14, ndani mwake hamna kitu. Akitoka kutafuta riziki hali anaumwa, maradhi yatazunguka mtaa mzima na kuufikia hata mlango wenye ghala. Kwa hiyo akiba yake ni kinga yetu pia.

Vyama vya kina mama vilivyojaa mitaani mwetu vyaweza kutenga fungu dogo katika kila mchango, lisiloguswa ila kwa ugonjwa wa mwanachama au jirani. Kila nyumba imjue mzee mmoja anayeishi peke yake, na ijulikane ni mtoto wa nani atakayemgongea dirisha kila siku. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr (R.A.) azidishe maji katika mchuzi ili jirani apate fungu lake. Wasia huo hautaki utajiri. Wataka sufuria moja na mtu anayekumbuka.

Tahadhari kabla ya hatari, wamesema wazee wetu. Kikao cha jioni moja hakigharimu hata shilingi. Na kifanyike juma hili, ingali sauti ya kila mmoja inasikika nyumbani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atukinge na maradhi mabaya, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na azijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za huruma na busara. Amin.