Foni ndogo ya wati 4: inatengenezwa namna gani, na nini ya kujua mbele ya kuiwasha

Kila wakati reso ya telefone inapokatika, watu wanakumbuka foni, ile ya misioni na ya vituo vya afya, yenye antena ya waya kati ya miti mbili. Ile inaomba batri kubwa. Kuko ingine ndogo, yenye fundi wa redio anaweza kuunganisha mwenyewe juu ya meza: inatoa wati 4 hivi, na batri ya moto ya volti 12 inatosha. Lakini haisemi. Inatuma maandiko tu.

Nguvu yake iko mu programu. Mwaka wa 2017 Joe Taylor, Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, na mwenzake Steve Franke walitoa FT8. Ujumbe mfupi unageuzwa kuwa sauti nyembamba za aina 8 zinazofuatana kwa sekunde kama 13, kisha mwenzako anajibu katika zamu yake ya sekunde 15. Ordinateri inausoma hata pale sikio linasikia paka kelele. Inaomba saa iwe ya kweli kabisa, isipite sekunde moja. Bila intaneti, GPS ya telefone inakupa saa hiyo.

Mipango ya kifaa inapatikana bure, na mmoja unaojulikana unaitwa ADX. Ndani yake Arduino Nano inapima sauti inayotoka katika ordinateri, inaelekeza kipande kinachoitwa Si5351 kizalishe mawimbi, na transista tatu ndogo za BS170 zinasukuma nguvu kwenye antena. Kusikiliza ni kazi ya CD2003, kipande cha redio ndogo za kawaida. Zile BS170 zinaungua upesi ukituma bila antena: nunua kumi, si tatu. Halafu kuko bobini za waya wa shaba juu ya pete. Hesabu mizunguko mara mbili, juu ni filta. Ikiwa mbaya, unachafua masafa ya wengine.

Antena ya megahezi 7 ni waya mbili za mita 10 kila moja. Hapa milima yetu si shida sana. Ukiifunga chini, mita 3 ao 4, mawimbi yanapanda juu, yanarudi karibu, na mchana Goma na Bukavu zinaweza kusikilizana. Kwa megahezi 14 yanaruka majirani, yanaenda mbali, hata Ulaya.

FT8 yenyewe haifai kwa mazungumzo: maandishi ya kujiandikia hayapiti herufi 13. Anayetaka kuandika sentensi atumie JS8Call, iliyojengwa juu ya FT8.

Sasa jambo zito. Masafa yanasimamiwa na ARPTC, na kutuma kunaomba kibali na jina la wito. Ya Kongo yanaanza na 9Q. Katika mikoa yetu, mtu mwenye antena na ordinateri usiku anaweza kuitwa mpelelezi mbele hajaeleza chochote. Tena redio ya amateri haifichi kitu: kuficha maneno kwa kodi ni marufuku, na si ya biashara. FT8 inatangaza hata mraba wa mahali uko, wenye upana wa kilomita 100 hadi 200 hivi, na vituo vinavyokusikia vinauweka kwenye ramani ya intaneti yenye kila mtu anaweza kufungua. Habari za wanajeshi wala za watu wanaokimbia hazina nafasi humo.

Fundi ambaye hana karatasi bado aache zile transista tatu, aunganishe upande wa kusikiliza tu. Atajifunza karibu yote: kurekebisha Si5351, kupanga saa, kujua masafa gani yanafunguka saa gani. Na mbele ya kupandisha waya, amwambie chef wa avenue ni waya wa nini.