Je, Wajua? Jicho Moja Lililofichua Saratani

Denis Burkitt, daktari mpasuaji ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto, alikuwa na jicho moja tu! Jingine alilipoteza utotoni. Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mwingine kupitia dirisha. Uvimbe uleule.

Utasema wagonjwa wawili si ushahidi. Kweli. Ndiyo maana mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka hospitali za Afrika kwa kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza swali moja: mmemwona mtoto wa namna hii? Majibu yalichora ramani iliyofanana na ya malaria. Penye joto na mvua, ugonjwa ulikuwepo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, haukuonekana. Sadfa gani hiyo inayojua kupima joto? Ikashukiwa kuwa kuna kiini kinachoambukiza. Mwaka 1964, katika seli za uvimbe uliotoka Uganda, watafiti wa London walikuta kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu: Epstein-Barr. Watu wazima wengi duniani wanacho mwilini, bila kujua.