Haraka ya Dalali na Injini Iliyopoa

“Toa arbuni sasa hivi, mwenzako yu njiani na fedha taslimu.” Yeyote aliyewahi kutafuta gari lililokwisha tumika hapa Dodoma ameyasikia maneno haya, na nguvu yake imekwisha pimwa. Mwaka 1975, huko Marekani, Stephen Worchel na wenzake waliwaonjesha wanafunzi biskuti: baadhi kutoka chupa yenye biskuti 10, wengine kutoka chupa yenye 2 tu. Zile chache zilitamaniwa zaidi na kukadiriwa kuwa za bei kubwa zaidi, ingawa hazikuonekana kuwa tamu zaidi.

Gari nalo halibadiliki kwa kuwapo mteja wa pili, awe wa kweli au wa kubuni. Kinachopungua ni muda wa kulikagua. Mimi huomba kufika alfajiri, nami hugusa boneti kwanza: ikiwa ya moto, injini imekwisha washwa, na ugumu wake wa kuwaka umefichika. Katika baridi ya Julai ya uwanda huu wa juu, mvuke mweupe utokao kwenye bomba na kutoweka upesi usimtishe mnunuzi. Ni maji yatokanayo na kuungua kwa petroli. Moshi wa buluu ni jambo jingine: ni oili inayoungua ndani ya silinda, na matengenezo yake ni ghali.