Mafuta Yalipomwagika, Wananchi Hawakungoja

Tarehe 25 Julai 2020, meli ya Wakashio ilipanda mwamba kusini-mashariki mwa Morisi. Agosti 6 ikaanza kuvuja, na takriban tani 1,000 za mafuta mazito zikaingia baharini.

Wakazi wa Mahébourg hawakungoja waraka. Wake kwa waume walishona mifuko mirefu ya nguo, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakaifungia chupa tupu za plastiki ili ielee, kisha wakaitandaza majini. Serikali iliwataka wawaachie wahusika kazi hiyo. Wao wakaendelea, mikono ikiwa myeusi tititi.

Mimi ni mwanaisimu, nami hukwama kwenye maneno. Kiswahili huita "mafuta" yale ya kupikia, ya kujipaka, na hata haya yaliyoganda kwenye mikoko. Tangu 2021 meli kubwa hutia nanga katika bandari mpya ya Lamu. Je, mvuvi wa huko akisikia redioni kwamba "mafuta yamemwagika", atang'amua kuwa nyavu zake na chakula cha wanawe vimo hatarini?

Niliwaagiza wanafunzi wangu waliandike onyo hilo. Wengi waliandika "uchafuzi wa mazingira ya bahari". Niliwarudishia karatasi zao.