Je, Wajua? Mabaritoni wa Uingereza: Mwandishi wa Mahakama, Mwalimu wa Kemia na Mtoto wa Nairobi

JE, WAJUA kwamba wanaume wengi wana sauti ya baritoni, lakini katika kwaya zetu nyingi sauti hiyo haina mstari wake? Mwalimu wa kwaya hugawa soprano, alto, tenori na besi, basi. Baritoni akiweza kupanda kidogo huambiwa ni tenori; akikwama, anapelekwa besi akanong'one noti za chini asizozifikia. Kwenye opera mambo ni mengine. Huko baritoni ana kazi ya kutosha: ndiye baba mwenye uchungu, kaka anayelinda heshima ya dada yake, afisa mkatili, au kinyozi mwenye maneno mengi. Msichana, kwa kawaida, humwendea tenori.

Uingereza imetoa mabaritoni wa kila aina, na ukifuatilia maisha yao utakuta wengi walikuwa na kazi nyingine kabla ya jukwaa. Tuanze na huyu.

JE, WAJUA kwamba George Grossmith, nyota wa vichekesho katika opera za Gilbert na Sullivan, aliwahi kuwa mwandishi wa habari za mahakamani? Alikuwa akiripoti kesi za mahakama ya polisi ya Bow Street, London: walevi, wezi wa mifukoni na majirani waliopigana. Mwaka 1877 akachukuliwa kuigiza mchawi katika The Sorcerer, na kufikia 1888 alikuwa ameanzisha nafasi tisa kuu za vichekesho katika opera hizo. Katika Iolanthe ya mwaka 1882 alicheza Lord Chancellor, mkuu wa majaji wote wa Uingereza. Mtu aliyezoea kukaa benchi la waandishi akinukuu hukumu za wengine sasa alikuwa amevaa wigi na joho, na London nzima inamcheka. Akapata na muda wa kuandika, yeye na mdogo wake Weedon, The Diary of a Nobody, kitabu cha mwaka 1892 kinachosomwa hadi leo.

Mwishoni mwa Januari 1887 Grossmith aliugua ghafla, wiki moja tu baada ya Ruddigore, opera nyingine ya Gilbert na Sullivan, kufunguliwa. Nafasi yake ikachukuliwa na mwimbaji wa akiba, kijana asiyejulikana. Kijana huyo alikuwa Henry Lytton. Baadaye alikuwa mchekeshaji mkuu wa D'Oyly Carte, kampuni iliyoonyesha opera hizo, kwa robo karne, 1909 hadi 1934, na mwaka 1930 akapewa cheo cha Sir. Hakuna mwingine aliyepewa cheo hicho kwa kazi ya kuigiza Gilbert na Sullivan peke yake.

Na Martyn Green, aliyerithi nafasi hizohizo baada ya Lytton? Huyu alisifika kwa miguu kuliko koo: alicheza, akaruka, akazunguka huku akiimba maneno ya haraka bila kumeza hata silabi. Mwaka 1959 mguu wake wa kushoto ulipondwa na lifti ya gereji jijini New York, ukakatwa chini ya goti. Alirudi jukwaani na mguu wa bandia. Mwaka 1969 alikuwa Broadway, akiigiza mshairi Chaucer katika Canterbury Tales.

JE, WAJUA kwamba George Baker aliimba nyimbo hizo za Gilbert na Sullivan kwenye santuri tangu enzi za kurekodi bila umeme hadi enzi za stirio, akiwa na zaidi ya miaka 70, lakini hakuwahi kupanda jukwaani na kampuni ya D'Oyly Carte? Maelfu ya watu waliijua sauti yake vizuri bila kuujua uso wake.

JE, WAJUA kwamba mojawapo ya nyimbo za baritoni zinazopendwa zaidi katika opera ya Kifaransa ilianza kwa maneno ya Kiingereza? Faust ya Gounod ilipofunguliwa Paris mwaka 1859, Valentin, yule askari anayemwacha dada yake na kwenda vitani, hakuwa na wimbo wa kuaga. Charles Santley wa Liverpool aliimba nafasi hiyo London mwaka 1863 na akaona amepunjwa. Mwaka uliofuata, kwa ajili ya onyesho la Kiingereza, Gounod akachukua muziki uliokuwa tayari kwenye utangulizi wa opera na kuutengenezea wimbo kwa ajili ya Santley. Maneno ya Kifaransa yalikuja baadaye, na leo kila baritoni anayekwenda kufanyiwa majaribio ana wimbo huo kwenye mkoba wake. Ni nadra mwimbaji kuidai haki yake akawaachia urithi wenzake wote waliofuata.

Santley huyohuyo ndiye aliyeimba nafasi kuu katika opera ya kwanza ya Wagner kuonyeshwa London, The Flying Dutchman, mwaka 1870. Opera ya Mjerumani, kuhusu baharia wa Kiholanzi, mbele ya Waingereza, ikaimbwa kwa Kiitaliano! Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa siku zile. Mwaka 1907 akawa mwimbaji wa kwanza Uingereza kupewa cheo cha Sir.

JE, WAJUA kwamba katika muda usiofika mwaka mmoja baritoni mmoja, James Campbell McInnes, alikuwa wa kwanza kuimba kazi mbili kubwa za Vaughan Williams? A Sea Symphony ilikuwa Leeds, tarehe 12 Oktoba 1910, siku mtunzi alipotimiza miaka 38. Five Mystical Songs ilifuata Worcester, Septemba 1911.

JE, WAJUA kwamba Frederic Austin aliifufua The Beggar's Opera, mchezo wa mwaka 1728 kuhusu wezi na makahaba wa London, akaupanga muziki wake upya, kisha akajipa mwenyewe nafasi ya Peachum, tajiri anayenunua mali za wizi? Ulifunguliwa mwaka 1920 katika ukumbi wa Lyric, Hammersmith, ukaonyeshwa mara 1,463 mfululizo.

JE, WAJUA kwamba wimbo wa baritoni wenye kutisha kuliko wote katika muziki wa Uingereza wa karne ya 20 ni orodha ya bidhaa? Ni katika Belshazzar's Feast ya William Walton, iliyosikika mara ya kwanza Leeds tarehe 8 Oktoba 1931. Dennis Noble, mzaliwa wa Bristol, ndiye aliyesimama mbele. Kwaya kubwa inanyamaza, okestra inanyamaza, na baritoni anabaki peke yake akihesabu utajiri wa Babeli: dhahabu, fedha, vito, hariri, pembe za ndovu, mdalasini, mvinyo, farasi, magari, na mwisho kabisa watumwa na roho za watu. Hana chombo cha kumshika. Akiteleza nusu toni, kila mtu atasikia okestra itakapoingia. Baadaye ndiye anayesimulia mkono ulioandika ukutani, habari ambayo kila aliyesoma Kitabu cha Danieli anaijua, na anapofika kwenye kifo cha mfalme kwaya yote inapiga ukelele mmoja. Mimi nimeona waimbaji wengi wakipewa sifa kwa noti za juu. Kwangu huu ndio mtihani wenyewe.

Usiku wa kwanza kabisa wa tamasha la Glyndebourne, 28 Mei 1934, Count Almaviva katika Ndoa ya Figaro alikuwa Roy Henderson, aliyezaliwa Edinburgh na kukulia Nottingham. Alimfundisha mwimbaji Kathleen Ferrier, na alifariki mwaka 2000 akiwa ametimiza miaka 100.

JE, WAJUA kwamba Peter Glossop wa Sheffield alikuwa karani wa benki? Mwaka 1961 alikwenda Sofia, Bulgaria, kwenye mashindano ya waimbaji chipukizi wa opera, akarudi na ushindi. Miaka minne baadaye alikuwa La Scala, Milano, akiimba Rigoletto mbele ya Waitaliano, watu wasiomwonea huruma mgeni anayemgusa Verdi wao.

Rigoletto mwingine wa kukumbukwa ni John Rawnsley. Mwaka 1982 mwongozaji Jonathan Miller aliihamishia opera hiyo New York, mtaa wa Waitaliano, miaka ya 1950. Mtawala akawa bosi wa mafia na Rigoletto akawa mhudumu wa baa. Wimbo maarufu wa yule mtawala? Anatumbukiza sarafu kwenye mashine ya santuri ya baa, mashine inaanza kupiga, naye anaimba.

JE, WAJUA kwamba Muingereza wa kwanza kuimba nafasi kuu ya Hans Sachs katika opera ya Wagner kule Bayreuth, kwenye ukumbi aliojengewa mtunzi huyo, alikuwa amesomea Afrika? Norman Bailey alizaliwa Birmingham mwaka 1933 na kusoma Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kabla ya kwenda Vienna. Mwaka 1968 aliimba nafasi hiyo London kwa Kiingereza. Mwaka 1969 Wajerumani wakamwita. Opera yenyewe ni ya zaidi ya saa nne, na Sachs anatakiwa awe bado na sauti kwenye dakika za mwisho.

Sasa tuingie maabara. Simon Keenlyside alisomea zuolojia Cambridge. Christopher Maltman alisomea baiokemia Warwick. Na John Shirley-Quirk, mzaliwa wa Liverpool mwaka 1931, alikuwa na shahada ya sayansi na akafundisha kemia kabla ya kuingia kwenye kwaya ya kanisa kuu la St Paul's.

Shirley-Quirk huyu anastahili mistari zaidi. Benjamin Britten alipotunga opera yake ya mwisho, Death in Venice, iliyofunguliwa Snape tarehe 16 Juni 1973, alimpa watu saba wa kucheza usiku mmoja: msafiri wa makaburini, mzee aliyejipaka rangi ili aonekane kijana, mwendesha gondola, meneja wa hoteli, kinyozi, kiongozi wa wanamuziki wa mtaani, na sauti ya mungu Dionysus. Wote saba wanamsogeza mwandishi Aschenbach hatua moja kuelekea kaburini. Yule mzee wa rangi hupanda ghafla kwenye sauti ya kike. Meneja huimba kwa adabu ya kupindukia. Mwendesha gondola hununa. Hadhira inatakiwa ihisi kwamba ni mtu mmoja, bila kuwa na uhakika.

Lakini miaka ya nyuma, Britten alipotunga War Requiem kwa ajili ya kanisa kuu jipya la Coventry, mwaka 1962, hakutaka baritoni Muingereza. Alimwita Mjerumani, Dietrich Fischer-Dieskau, aimbe pamoja na tenori Muingereza Peter Pears. Coventry ilikuwa imebomolewa na mabomu ya Ujerumani, na kwenye muziki huo wawili hao ni askari wa pande mbili wanaokutana baada ya kufa.

JE, WAJUA kwamba Redruth, mji mdogo wa Cornwall uliokuwa ukichimba bati na shaba, umetoa mabaritoni wawili wa opera? Alan Opie alizaliwa huko mwaka 1945. Mwenzake, Benjamin Luxon, alizaliwa mwaka 1937, akawa mwalimu wa michezo, kisha Britten akamtungia nafasi kuu ya Owen Wingrave, opera iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni na kurushwa na BBC Mei 1971. Miaka ya 1990 masikio yakaanza kumsaliti. Mwimbaji kiziwi hapotezi koo. Anapoteza uhakika wa noti anayoisikia, na hilo ni baya zaidi kwa sababu watu wengine wanajua kabla yake. Luxon aliacha kuimba, akahamia Massachusetts, na akaendelea kupanda jukwaani kama msomaji wa mashairi na msimulizi hadi uzeeni. Alifariki Julai 2024.

Umeitazama filamu ya Billy Elliot, ya mtoto wa mji wa wachimba makaa anayetaka kucheza baleti? Mwandishi wake, Lee Hall, alivutwa kwa sehemu na maisha ya Sir Thomas Allen, mtoto wa Seaham, mji wa makaa ya mawe wa County Durham, aliyeishia Covent Garden, La Scala na Metropolitan.

Tukiwa kwenye filamu: baritoni William Shimell alikuwa hajawahi kuigiza sinema hata moja. Mwaka 2008 Abbas Kiarostami, mwongozaji kutoka Iran, alimwongoza katika opera ya Mozart kule Aix-en-Provence, akampenda, na akamweka mbele ya kamera na Juliette Binoche katika Certified Copy ya mwaka 2010. Binoche akashinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Cannes. Miaka miwili baadaye Shimell alikuwa ndani ya Amour ya Michael Haneke, nayo ikachukua tuzo kuu ya Cannes. Filamu mbili, bahati kiasi hicho!

Christopher Purves yeye alitoka kwenye kikundi cha rokendiroli, Harvey and the Wallbangers. Mwaka 2012 alianzisha nafasi ya mume katika opera ya Written on Skin, anayempikia mkewe moyo wa mpenzi wake. Tusiendelee na hiyo.

JE, WAJUA kwamba baritoni wa Kiingereza aliyesikika zaidi redioni kwetu alizaliwa Nairobi? Roger Whittaker hakuwa mtu wa opera. Alizaliwa mwaka 1936, wazazi wake wakiwa wametoka Staffordshire, na gitaa lake la kwanza lilichongwa na mfungwa wa vita wa Kiitaliano. Kiswahili alikijua. Alitumikia Kenya Regiment, akajaribu udaktari Cape Town akaacha, akafundisha shule, na mwaka 1959 akaenda Bangor, Wales, kusomea sayansi ya viumbe. Sayansi tena! The Last Farewell, wimbo wake mkubwa, maneno yake yaliandikwa na mfua fedha wa Birmingham aliyeyatuma kwenye kipindi cha redio ambapo Whittaker alitia muziki mashairi ya wasikilizaji. Mwaka 1975 ulifika namba 2 Uingereza, na Elvis Presley akaurekodi mwaka uliofuata.

Na Roderick Williams, mzaliwa wa London kaskazini, baba wa Wales na mama wa Jamaika, alikuwa mwalimu wa muziki kabla ya kuingia shule ya opera akikaribia miaka 30. Tarehe 6 Mei 2023 aliimba Westminster Abbey wakati Mfalme Charles III akitawazwa, siku moja na mwimbaji Pretty Yende wa Afrika Kusini.

Msomaji mwenye intaneti, mtafute Sir Charles Santley akiimba wimbo wa Figaro, Non più andrai. Aliurekodi mwaka 1903, akiwa na miaka 69. Edison alipotengeneza mashine yake ya kwanza ya kunasa sauti, Santley alikuwa na miaka 43 na tayari ni nyota.