Pikipiki ya biashara: bei ya dukani si gharama yote

Mfanyabiashara anayenunua pikipiki ya kubeba abiria au mizigo huuliza kwanza mambo mawili: ni ya aina gani na inauzwa kiasi gani. Uzoefu wa wamiliki katika nchi za Afrika Mashariki unaonyesha kuwa maswali hayo hayatoshi. Pikipiki mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, zinaweza kupishana sana: moja ikafanya kazi miaka mingi, nyingine ikafunguliwa injini kabla ya mwaka kwisha. Mara nyingi kinachozitofautisha ni nani anayelipia oili.

Kutoka baiskeli hadi injini

Jina bodaboda lilianzia Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Baadaye pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo ya chini ya cc 250, hatua iliyochangia kuongezeka kwa biashara hiyo nchini humo.

Pikipiki hizo nyingi zina injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, ya kati ya cc 100 na cc 150. Ni injini rahisi ambayo fundi wa mtaani anaiweza. Hata hivyo, urahisi huo haumaanishi kuwa inavumilia kila kitu.

Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa CG125, iliyobuniwa kwa ajili ya masoko ambako matengenezo huchelewa. Vali zake husukumwa na vijiti badala ya mnyororo wa taimingi. Viwanda vingi vya China viliiga muundo huo. Kwa upande mwingine, pikipiki za India kama Bajaj Boxer hutumia mnyororo wa taimingi, na kamshafti yake ipo juu ya injini. Sehemu hiyo hutegemea oili safi ipande hadi juu. Oili ikipungua au ikichoka, kamshafti ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuumia.

Umri huhesabiwa kwa kilomita

Tuchukue mfano wa dereva wa bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mwezi mmoja hufikisha kilomita 2,600 na mwaka mmoja kilomita 31,200. Mtu anayeitumia pikipiki yake kwenda kazini na kurudi, kilomita 20 kwa siku, atahitaji miaka mitano kufikia mwendo huo. Kwa hiyo pikipiki ya biashara yenye mwaka mmoja ni sawa na ya mtu binafsi yenye miaka mitano.

Tatizo jingine ni kwamba kebo ya spidi hukatika, na wengi hawairudishii. Hapo mita ya kilomita husimama, na mwenye pikipiki hana tena kipimo. Njia iliyobaki ni kuhesabu kwa siku. Kwa pikipiki inayofanya kazi nzito ya mizigo na vumbi, kumwaga oili mara mbili kwa mwezi si kupoteza fedha.

Oili yenyewe iwe ya pikipiki. Katika injini hizi, klachi huogelea ndani ya oili ileile inayolainisha injini. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na zikitumika klachi huanza kuteleza. Alama ya kutafuta kwenye kopo ni JASO MA.

Chujio la hewa nalo husahaulika. Vumbi linalopita hapo hukwangua pistoni na silinda kama msasa. Baadaye moshi wa bluu hutoka, dalili kwamba oili inaungua. Kubadili ringi peke yake wakati silinda imeshalika hakusaidii kwa muda mrefu. Silinda hukerezwa na kufungwa pistoni kubwa kidogo.

Cheni na spoketi zake mbili zibadilishwe kwa pamoja, kwa kuwa cheni mpya juu ya spoketi iliyolika huchakaa upesi. Aidha, mizigo ina mchango wake. Mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50 ni kilo 150 kabla dereva hajapanda. Spoki, beringi za magurudumu na shokapu za nyuma ndizo zinazolipia mzigo huo.

Hesabu na mkataba

Wamiliki wengi hawaendeshi wenyewe. Nchini Tanzania utaratibu wa kwanza ni wa hesabu: dereva humpelekea tajiri kiasi walichokubaliana kila siku, na kinachozidi ni chake. Utaratibu wa pili ni wa mkataba: dereva hulipa kila siku kwa muda uliopangwa, na mwisho wake pikipiki huwa yake.

Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 za Tanzania kwa siku, oili hugharimu shilingi 15,000, na dereva ndiye anayeinunua mara mbili kwa mwezi. Akiruka mara moja kila mwezi, kwa miezi sita atakuwa amebakiza shilingi 90,000. Injini ikifa, tuseme pistoni, ringi, kukereza silinda na ufundi ni shilingi 200,000, na siku 5 bila kazi ni shilingi 50,000 nyingine. Tajiri amepoteza shilingi 250,000. Dereva amepoteza siku tano za kipato, lakini anaweza kuhamia pikipiki nyingine.

Hizi ni namba za mfano tu, ila zinaonyesha kiini cha tatizo: anayebakiza fedha za oili si yule anayelipia injini. Chini ya mkataba mambo hubadilika, kwa sababu kila shilingi ya oili inalinda mali ambayo itakuwa ya dereva. Lakini mkataba nao una hatari kwake. Injini ikifa malipo yakiwa katikati, analipia chombo kisichomwingizia kitu. Mkataba usiosema nani anagharamia matengenezo makubwa huishia kwenye ugomvi.

Kwa anayebaki na utaratibu wa hesabu, suluhisho ni tajiri kununua oili mwenyewe na kuipeleka kwa fundi mmoja anayemwamini.

Spea na mpaka

Pikipiki ya bei nafuu upande wa pili wa mpaka inaweza kuwa ghali nyumbani iwapo spea zake hazipatikani. Kabla ya kununua, inafaa kuuliza katika maduka ya mji ambako itafanya kazi kama kuna seti ya cheni, klachi na pistoni za saizi ya kukereza.

Wanaonunua spea ng'ambo kwa ajili ya kuuza wakumbuke jambo moja. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheni iliyotengenezwa India haiwi bidhaa ya Uganda kwa kununuliwa Kampala, hivyo isipelekwe forodhani kwa cheti cha uasilia cha Jumuiya. Pikipiki yenyewe nayo huhitaji nyaraka za forodha na usajili wa nchi itakakofanyia kazi.

Daftari la shilingi chache

Kila pikipiki iwe na daftari lake, linaloandikwa tarehe ya oili, chujio, cheni, breki na siku ilizolala bila kazi. Baada ya mwaka, tajiri ataona kwa namba iwapo chombo kinamlipa au kinamla. Siku ya kukiuza, mnunuzi naye atakuwa na kitu cha kusoma badala ya kusikiliza mlio wa injini tu.