Uhuru wa kusema mtandaoni: tunautaka, tunauogopa

Ibara ya 23 ya Katiba ya 18 Februari 2006 inampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake kwa maneno, maandishi na picha. Papo hapo inaweka mipaka: sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Ubishi wetu wote kuhusu mitandao ya kijamii umo kati ya haki hiyo na mipaka hiyo.

Kwa nini raia wanaitetea mitandao? Sababu ya kwanza ni ya zamani. Wakati wa chama kimoja, MPR, redio ilikuwa ya serikali. Habari nyingine zilipita midomoni, katika « radio trottoir ». Leo WhatsApp na Facebook zinafanya kazi hiyo. Sababu ya pili ni yale tuliyoyaona. Januari 2015, watu walipoandamana kupinga mswada wa sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Ikakatwa tena 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, kwa karibu siku 20. Serikali ilisema inazuia matokeo ya uongo. Lakini kwa mpiga kura anayengoja, anayezima taa ana la kuficha.

Hata hivyo raia huyohuyo, akiona picha ya vita vya mbali imepewa jina la Goma au Beni, anataka aliyeituma aadhibiwe. Kanuni ya Dijitali ya 13 Machi 2023 inajibu hofu hiyo: anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu anaweza kufungwa mwezi 1 hadi 6. Shida ni hii: nani anaamua kipi ni uongo? Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023, akituhumiwa, pamoja na mengine, kueneza uvumi. Alikana. Alitoka gerezani Machi 2024.

Sisi wa lugha tuna la kuongeza. Kiswahili kina « eti » na « inasemekana ». Kwa maneno hayo msemaji anaonya: sikuona kwa macho, pima mwenyewe. Ujumbe ukisambazwa kwa kugusa kidole tu, « eti » inabaki njiani, na uvumi unafika umevaa nguo za ushahidi. Jela haitairudisha « eti » hiyo. Anayetuma anaweza kuiandika, na anayepokea anaweza kuuliza: nani alisema, wapi, lini?